Sarafu Isiyo na Mwenyewe

Weka sarafu mbili mezani. Zote ni za fedha safi, kila moja ina uzito wa wakia moja, zote zimechapwa Marekani mwaka 2001. Upande mmoja kuna mwanamke anayetembea kuelekea jua linalochomoza, mkono ameunyoosha, amejitanda bendera. Mchoro huo ni wa Adolph Weinman. Ulitumika kwanza kwenye nusu dola ya mwaka 1916, ukarudishwa mwaka 1986 serikali ilipoanza kutoa sarafu hizi ziitwazo Silver Eagle. Upande wa pili kuna tai na ngao. Mwaka 2001 zilitolewa karibu milioni 9, kwa hiyo hakuna anayeweza kuziita adimu. Zipime kwenye mizani, zitazame kwa kioo cha kukuzia, zigeuze utakavyo: hutaziona tofauti. Ila moja imefungiwa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu, na lebo yake inasema ilitolewa chini ya vifusi vya World Trade Center, New York, baada ya Septemba 11. Hiyo huuzwa kwa bei mara kadhaa ya mwenziwe.

Mimi hukusanya sarafu, kwa hiyo tofauti ya bei peke yake hainishtui. Pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile za mwaka 1299 Hijria zenye mizani upande mmoja, zilikuwa chenji ya sokoni Unguja. Leo anayezijua hakuachii kwa bei ya chenji, na herufi zikiwa bado zinasomeka vizuri anapandisha zaidi. Hapo tunalipia umri, uchache na hali. Sarafu ile ya kwenye kikasha haina umri, haina uchache, na hali yake ni sawa na ya mwenziwe. Kilichoongezeka ni msiba. Watu 2,753 walikufa New York siku ile, na kwa njia fulani vifo vyao vimeingia katika hesabu ya bei. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona kwamba ukubwa wa ile nyongeza si tatizo langu. Ninachotaka kujua ni mwenyewe wake. Nyongeza hiyo ni mali ya nani?

Chini ya jengo namba 4 la World Trade Center, jengo la ghorofa tisa lililokaa karibu na mnara wa kusini, benki ya Kanada iitwayo Bank of Nova Scotia ilikuwa na hazina ya chini kwa chini. Humo mlikuwa na dhahabu na fedha za zaidi ya dola milioni 200, sehemu kubwa ikiwa akiba ya wafanyabiashara wa soko la madini la COMEX. Wakati huo wakia ya fedha haikufika dola 5 na ya dhahabu haikufika 300, basi mtu apige hesabu mwenyewe ni tani ngapi zilizokuwa zimelala pale. Mnara wa kusini ulipoanguka uliliponda jengo hilo, lakini hazina haikuvunjika. Kuelekea mwisho wa Oktoba, moto ukiwa bado unafukuta chini ya vifusi (haukuzimika mpaka Desemba), wafanyakazi walisafisha handaki la kupitishia mizigo wakaifikia. Magari ya kubebea fedha yakaingia, walinzi wenye silaha wakajipanga, na baadhi ya zimamoto na polisi wakasaidia kuhamisha mali hiyo. Kila tofali la fedha lilikuwa na namba yake na kila namba ilikuwa na mwenyewe kwenye daftari. Benki ikapata chake, wenye mikataba wakapata chao. Kwa upande wa mali, msiba ule ulipata suluhu mapema sana.

Pamoja na matofali mlikuwa na sarafu: Silver Eagle na Gold Eagle za Marekani, Maple Leaf za Kanada, Krugerrand za Afrika Kusini. Hizi hazitengenezwi ili zinunue mkate. Ni sarafu za akiba; hutoka kiwandani, zikakaa gizani, zikahama kutoka hazina moja kwenda nyingine kwa kubadilisha majina kwenye karatasi. Silver Eagle hufungwa ishirini ishirini ndani ya mirija ya plastiki, mirija ishirini na mitano kwa sanduku, na masanduku mengine hukaa miaka bila kifuniko kuguswa. Wafanyabiashara walizinunua zile zilizotoka chini ya jengo namba 4, wakazipeleka PCGS, kampuni ya California ambayo tangu mwaka 1986 kazi yake ni kukagua sarafu na kuzipa alama. PCGS ikazifungia kwenye vikasha na kuandika zilikotoka. Lebo haikusema uongo. Ni kweli zilikuwa pale.

Lakini alama hizo zinatolewaje? Mwaka 1949 William Sheldon, mwanasaikolojia aliyependa sana senti kubwa za shaba za Marekani ya kale, alichapisha kitabu kilichopendekeza kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Alitaka alama iwe ndiyo bei: ikiwa senti iliyosagika kabisa ni dola moja, basi isiyo na doa iwe dola 70. Uhusiano huo na bei ulikufa zamani. Namba zilibaki, na leo wakusanyaji duniani kote wanazitumia. Kuanzia 60 kwenda juu ni za sarafu ambazo hazijawahi kutumika. (Sheldon alipokwisha kufa iligunduliwa kwamba alikuwa amechukua senti nzuri za American Numismatic Society na kuacha zake mbovu mahali pake. Mtu aliyetufundisha sote kuipa sarafu alama hakujali ni ya nani. Sidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati mbaya tu; ukiizoea namba, mwenyewe anasahaulika upesi.)

Kila mkono ulioshika sarafu unashusha alama yake. Jasho la kiganja, mfuko wenye funguo, droo ya muuza magazeti, vyote vinaacha alama ya kitu kilichoishi na watu, na kipimo kinavihesabu kama hasara. Sarafu iliyopinda, iliyoungua au iliyokwaruzwa vibaya haipewi namba kabisa; inaandikwa tu kwamba ni halisi ila imeharibika. Sasa kipeleke kipimo hicho kwenye vifusi vya Manhattan. Inayopata 69 ni ile iliyolala ndani ya mrija, nyuma ya mlango wa chuma, haikuona moto wala vumbi. Ile iliyokuwa mfukoni mwa mpishi wa mgahawa wa juu au karani wa bima, ikaanguka naye na kuungua naye, sokoni haina alama. Kadiri sarafu ilivyokuwa mbali na waliokufa, ndivyo inavyopanda bei kwa ajili yao.

Hapo ndipo ninapokwama, na sioni njia ya kupita pembeni.

Sarafu za mifukoni zilikuwepo, nazo zilitafutwa. Vifusi vilivutwa kwa mashua za mizigo mpaka Staten Island, kwenye jaa la taka liitwalo Fresh Kills, ambalo lilikuwa limefungwa Machi mwaka huohuo na likafunguliwa tena kwa kazi hiyo. Zaidi ya tani milioni 1.4 zilichambuliwa hapo, mpaka Julai 2002. Wapelelezi wa polisi wa New York na maafisa wa FBI, wamevaa mavazi meupe na barakoa, walisimama pande zote mbili za mikanda inayosogea wakiokota kwa mikono. Kabla ya mkanda kulikuwa na machekeche, na matundu ya mwisho yalikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Robo dola ina upana wa milimita 24. Senti moja ina 19. Dime, ndogo kuliko zote, inakaribia 18. Hakuna sarafu ya Marekani inayoweza kupenya tundu la milimita 6. Kwa hiyo kila sarafu iliyofika Fresh Kills ikiwa nzima ilibaki juu ya chekeche, pamoja na funguo, pete, vitambulisho vya kazini na vipande vya mifupa.

Ilipofungwa hesabu ya jaa lile, fedha taslimu zilizookotwa, za Marekani na za nchi nyingine, zilikuwa dola 78,318 na senti 47. Picha za watu zilikuwa karibu 4,000. Vitu binafsi vilizidi 50,000.

Nimezikalia sana zile senti 47. Mtu aliyetoka kutwa nzima kwenye vumbi lile, akijua kwamba chini ya kila lundo huenda mna kidole cha mwenzake wa kituoni, alikaa mezani akahesabu mpaka senti moja moja. Hakuna aliyemlazimisha kufika hapo; angeandika dola 78,000 na ushei, na nani angemlaumu? Lakini senti ile ilikuwa ya mtu. Ilikuwa chenji ya kahawa ya asubuhi ya Jumanne, iliyotiwa mfukoni bila kutazamwa. Aliyeihesabu hakuwa na njia ya kujua ni ya nani, na bado aliiandika kama mali yenye mwenyewe. Katika habari yote ya fedha na dhahabu za New York, hicho ndicho kitendo cha kupanga thamani ninachokiheshimu kuliko vyote.

Vilivyojulikana vilirudishwa. Katika makumbusho ya Septemba 11 pale New York kuna pochi iliyopelekwa kwa mjane, na ndani yake noti ya dola 2. Noti ya kawaida ya dola 2 dalali atakupa dola 2. Mume alikuwa na yake, mke alikuwa na yake, walizigawana walipokubaliana kuoana, na kila mmoja alitembea na ya kwake. Sitaki kuongeza neno juu ya hiyo, ila kwamba mjane alipoitoa hakuipeleka mnadani. Aliipeleka mahali ambapo haiuzwi.

Kuna waliorudishiwa kidogo kuliko hicho. Karibu watu 1,100 kati ya waliokufa hawajatambuliwa hata kwa kipande cha mwili, ingawa maabara ya jiji bado inaendelea na kazi. Baadhi ya familia zilishtaki jiji zikitaka vumbi lililopita kwenye machekeche liondolewe jaani na kuzikwa kwa heshima, kwa kuwa ndugu zao wamo ndani yake. Zilishindwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa yao. Mambo hayo mawili hukutana kichwani mwangu kila ninapoona lebo ile: benki ilirudishiwa sarafu zake ndani ya wiki chache zikiwa zinang'aa, na mama wa mtu hakurudishiwa mchanga.

Ikishatoka hazinani na kuyeyushwa, fedha ya vifusi ni fedha kama nyingine yoyote. Haina kovu wala harufu. Ndiyo maana udanganyifu ulikuwa rahisi. Mwaka 2004 kampuni moja ilitangaza “dola” ya ukumbusho kwa dola 19.95, ikisema imetiwa fedha iliyopatikana kwenye eneo la maafa. Eliot Spitzer, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, aliipeleka mahakamani, kwa sababu ilitangazwa kana kwamba imetolewa na serikali ya Marekani, wakati fedha yenyewe ilikuwa utando mwembamba juu ya madini ya bei rahisi. Mahakama ikasimamisha mauzo. Wengi walilaani uongo wa utando ule, na walikuwa na haki. Mimi najiuliza zaidi juu ya sehemu ya tangazo ambayo huenda ilikuwa kweli. Tuseme kila chembe ya fedha ile ilitoka chini ya jengo namba 4. Je, ingekuwa halali kuuza chembe hizo kwa machozi ya watu wengine?

Watu wa baharini wana jibu lao kwa swali hilo, na jibu hilo ni muda. Meli ya SS Central America ilizama mbele ya pwani ya Carolina Septemba 1857, imebeba dhahabu ya California. Watu 425 walikufa. Walionusurika walisimulia kwamba maji yalipoanza kushinda pampu, wachimbaji waliokuwa wamejifunga dhahabu viunoni walifungua mikanda na kuimwaga sakafuni, asiinamie mtu. Saa chache kabla ya kufa kwao, bei ya dhahabu ndani ya meli ile ilikuwa sifuri. Mabaki ya meli yalipatikana mwaka 1988, sarafu za dola 20 zilizochapwa San Francisco zikatoka kwa maelfu, nyingine zikiwa kama zimechapwa jana. Kampuni za bima zilijitokeza baada ya zaidi ya miaka 130 na kudai zilikwisha kulipa fidia, kwa hiyo dhahabu ni yao. Mahakama zikawapa waliookoa asilimia 92 hivi. Abiria waliokuwa na dhahabu yao wenyewe hawakuwa na wakili.

Na Desemba 2022, mjini Reno, suruali ya kazi iliyotoka katika sanduku la abiria wa meli hiyo iliuzwa kwa dola 114,000. Suruali! Hiyo haikuwa mali ya hazina wala ya bima. Mtu aliivaa. Miaka 165 ilitosha kumfuta mpaka nguo yake ikawa bidhaa, na hakuna aliyeona haya, nami nakiri kwamba hata mimi nilisoma habari hiyo kwa udadisi zaidi kuliko huzuni. Basi muda unafanya kazi. Unawaondoa wenyewe mmoja mmoja: kwanza mjane, kisha watoto, kisha wajukuu walioambiwa jina. Tukikubali hivyo, ni lazima tukubali pia kwamba siku itafika ambapo senti iliyoungua ya Fresh Kills itawekwa mnadani yenyewe, na itazipita bei zile sarafu safi za mirijani. Kinachotutenganisha na siku hiyo ni idadi ya watu walio hai wanaokumbuka.

Sisi wa pwani hii tuna meli yetu ya kupimia jambo hili. SS Tilawa iliondoka Bombay Novemba 1942 kwenda Mombasa, kisha Lourenço Marques na Durban. Ilikuwa na watu 958: abiria wa kawaida wa Bahari ya Hindi, familia zenye jamaa Afrika Mashariki, watoto, mabaharia. Usiku wa kuamkia tarehe 23 nyambizi ya Kijapani, I-29, iliipiga kwa torpedo, na baadaye ikaipiga tena watu wakiwa bado wanahangaika na mashua. Watu 280 walikufa. Meli ya kivita ya Kiingereza, HMS Birmingham, iliwaokota karibu wote waliobaki na kuwarudisha Bombay.

Ndani ya Tilawa mlikuwa na matofali 2,391 ya fedha yaliyonunuliwa na serikali ya Afrika Kusini ili kutengenezea sarafu. Zilikuwa sarafu ambazo hazijazaliwa. Mwaka 2017 kampuni ya uokoaji iliyatoa 2,364 kutoka kina cha kilomita mbili na nusu, ikayapeleka Southampton, na kudai malipo ya kazi yake. Thamani ilikadiriwa kuwa dola milioni 43 hivi. Afrika Kusini ikasema: hiyo mali ni yetu, na dola huru haishtakiwi kwa mali yake. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na majaji waliulizwa jambo ambalo nimelipenda kwa jinsi lilivyo la kifalsafa: fedha iliyolala ndani ya tumbo la meli inayosafiri, je, iko katika matumizi ya biashara? Mei 2024 wakaamua kwa kauli moja kwamba haikuwa hivyo, ilikuwa imebebwa tu, na kinga ya Afrika Kusini inasimama. Pande mbili zilikuwa zimekwisha kupatana kabla hukumu haijatoka.

Fedha ya Tilawa, basi, ilimpata mwenyewe baada ya zaidi ya miaka 80, pamoja na mawakili wa daraja la juu na hukumu ya kurasa nyingi. Kumbukumbu ya kwanza kubwa ya waliokufa ndani yake ilifanyika Mumbai Novemba 2022, na iliandaliwa na wajukuu na watoto wao. Wengi Mombasa hata leo hawajui kwamba kulikuwa na meli iliyokuwa ikija kwao. Silaumu mahakama; ilijibu ilichoulizwa. Ila ukisoma habari za kesi ile utakuta uzito wa fedha, kina cha maji, gharama za uokoaji, tarehe za kila hatua. Watu 280 wanapita katika sentensi moja.

Na kuna Nairobi. Tarehe 7 Agosti 1998, miaka mitatu kabla ya New York, kundi hilohilo la al-Qaeda lililipua ubalozi wa Marekani kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Walikufa watu 213 pale, na 11 Dar es Salaam saa ileile. Jengo la Ufundi House lilianguka lote. Barabarani kulikuwa na basi lililojaa, na matatu, na wachuuzi. Shilingi kumi za siku zile zilikuwa za rangi mbili, zenye sura ya Rais Moi. Kila abiria alikuwa nazo, kila kondakta alikuwa na konzi yake. Zilimwagika kwenye lami pamoja na vioo. Sijapata kuona hata moja ikiuzwa kwa lebo ya Agosti 7. Bila shaka ziliokotwa, zikafutwa vumbi, zikarudi kununua sukari na unga, zikaendelea kupita mikononi mwa watu wasiojua zilikuwa wapi. Si kwamba sisi ni wema kuliko wauza sarafu wa Marekani. Pale hapakuwa na hazina yenye daftari, hapakuwa na kampuni ya kuthibitisha, na hapakuwa na mnunuzi.

Bei ilipangwa kwa njia nyingine, na hiyo inauma zaidi. Mwaka 2020 Sudan, iliyotuhumiwa kuwapa hifadhi washambuliaji, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa Marekani kwa ajili ya waathirika wa balozi zile na wa mashambulizi mengine. Zililenga kwanza raia wa Marekani na waliokuwa waajiriwa wa ubalozi. Wakenya waliokuwa wakipita njia, waliokuwa ndani ya basi, waliokuwa wakisoma uhazili Ufundi House, waliopofuliwa na vioo kwa sababu walikwenda dirishani kutazama mlio wa kwanza ni wa nini, wengi wao wamebaki nje ya hesabu, na mpaka miaka hii ya karibuni wamekuwa wakigonga milango ya Bunge na mahakama. Nani alikuwa na mwenyewe na nani hakuwa naye, karatasi ziliamua.

Nikisema hivi siwatukani wanaonunua sarafu za jengo namba 4. Najua mwananchi wa kawaida wa Ohio au New Jersey anayeiweka moja rafuni hafikirii biashara. Anataka kushika kitu, kwa sababu siku ile ilimpita kwenye televisheni na mikono yake ilikuwa mitupu. Haja hiyo ni ya kibinadamu na ina heshima yake. Sisi nasi tunaweka kofia ya marehemu, tasbihi yake, leso yake. Tofauti ni kwamba sisi tunaweka kitu cha mtu tunayemjua, na yeye anauziwa kitu ambacho hakuna aliyekufa aliyewahi kukigusa, kwa bei iliyopandishwa na wale waliokufa, na tofauti ya bei inakwenda kwa mtu ambaye alinunua mirija kwa wakati mzuri.

Njia bora ipo na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutoa medali ya taifa ya Septemba 11, ya wakia moja ya fedha, kwa kumbukumbu ya miaka kumi. Ilichapwa mwaka 2011. Haikudai kwamba imetoka chini ya vifusi, haikuwa na lebo ya maafa. Sheria ilisema katika bei ya kila medali kuna nyongeza ya dola 10, na dola hizo kumi zinakwenda kwenye makumbusho na ukumbusho pale New York, ambako pochi ile imelala. Mnunuzi alijua fedha ni kiasi gani, gharama za kuchapa ni zipi, na ile nyongeza ni ya nani.

Sarafu za hazina ya benki bado zinabadilishana mikono minadani, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Hakuna sheria inayomzuia muuzaji kutenga nyongeza ya lebo, iandikwe kwenye risiti, ipelekwe kwa familia zinazosubiri maabara, au kwa wale wa Moi Avenue waliosahauliwa ingawa kundi la wauaji lilikuwa moja. Mpaka nione risiti ya namna hiyo, nikitaka Silver Eagle ya mwaka 2001 nitachukua ile isiyo na kikasha, na nitalipa bei ya wakia moja ya fedha.